Mwalimu wa taaluma nataka kuanza kuandika programu kwa msaada wa AI, nianzie wapi?

Mwl_Kilosa aliuliza:

Wakuu, habari za kazi.

Mimi ni mwalimu wa taaluma katika sekondari moja ya kata huku Kilosa, nafundisha Hisabati. Kazi inayonimaliza kila baada ya mtihani ni kuchakata matokeo. Kidato cha nne tuna mikondo minne. Walimu wa masomo wananiletea alama, mmoja kwa WhatsApp, mwingine kwenye karatasi ya daftari, na mimi naziingiza kwenye Excel yenye fomula ndefu za IF zilizoachwa na mwalimu aliyehama. Ukigusa seli moja, safu nzima inajaa #REF!.

Mwenzangu wa Fizikia alinionyesha AI kwenye simu yake. Nikaieleza kwa Kiswahili ninachotaka: isome alama, itoe gredi kwa viwango vya NECTA, ichukue masomo saba bora, ijumlishe pointi, itoe divisheni. Ikanipa programu iliyoandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Nikaweka Python kwenye kompyuta yangu, ikafanya kazi mara ya kwanza, mkondo mzima ukatoka kufumba na kufumbua.

Tatizo ni hili. Kabla ya kubandika matokeo ubaoni huwa nachukua wanafunzi wachache na kuwapigia hesabu kwa mkono. Mmoja wao ana C sita (Kiswahili, Kiingereza, Historia, Jiografia, Uraia, Kemia), Hisabati ana D, na Biolojia ana 64.5 baada ya wastani wa mitihani miwili. Shuleni kwetu nusu tunaipandisha, kwa hiyo hiyo ni 65, yaani B. Saba bora: B moja na C sita, pointi 20 (B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5), divisheni ya pili. Programu imempa pointi 22, divisheni ya tatu. Nikaiambia AI umekosea. Ikaomba radhi na kuandika programu nyingine, ndefu mara mbili, ambayo sikuelewa hata inaanzia wapi. Nimerudi kwenye ile ya kwanza.

Naomba ushauri wenu. Je, nijifunze Python kwanza ndipo nirudi kwenye AI? Nitumie zana ipi, na lazima nilipie? Na kubwa zaidi, kazi inayogusa matokeo ya watoto naweza kuiamini kwa kiasi gani? Kompyuta yangu ina RAM ya GB 8 na intaneti ni bando la simu.

---

Mwanachuo_Dom:

Mwalimu, shikamoo. Nianze na zana na gharama maana ndiko nilikopita mwenyewe.

Usilipe chochote kwa sasa. Weka VS Code, programu ya kuandikia msimbo, ni ya bure, halafu washa GitHub Copilot, msaidizi wa AI anayekaa humo ndani. Tangu Desemba 2024 ina daraja la bure lenye kikomo cha kila mwezi, na kwa kazi ya ukubwa wa kwako kikomo hicho kinatosha. ChatGPT, Claude na Gemini nazo zina matumizi ya bure kwenye kivinjari. Madaraja ya kulipia mengi ni kama dola 20 kwa mwezi, takriban shilingi 50,000, na hiyo ni pesa ya kufikiriwa na mtu anayeitegemea kwa kazi ya kila siku.

Kuhusu bando, mazungumzo ya maandishi hayali sana. Kinachomaliza bando ni kupakua vitu vya kusakinisha, kwa hiyo hiyo fanya sehemu yenye Wi-Fi. Ukitaka kufanya bila intaneti kabisa kuna Ollama, inaendesha modeli, yaani AI yenyewe, ndani ya kompyuta yako. Mimi natumia Qwen2.5-Coder ya Alibaba. Ile ya vigezo bilioni 7 faili lake linakaribia GB 5, ya bilioni 3 halifiki GB 2. Kwa RAM ya GB 8 ile ndogo itakwenda vizuri, ile kubwa itakwenda kwa kujikongoja. Na ujue modeli ndogo hukosea zaidi.

---

Fundi_Mwanza:

Mwalimu, pole na majukumu. Mimi ni mama ninayeandika mifumo ya maduka ya dawa na SACCOS hapa Mwanza, na swali lako limenigusa kwa sababu kuna mtoto ndani yake. Tumshughulikie yeye kwanza.

Umesema Biolojia ana 64.5. Nina hakika programu yako ina mistari inayosomeka hivi: kama alama ni 75 hadi 100 mpe A, 65 hadi 74 mpe B, 45 hadi 64 mpe C, 30 hadi 44 mpe D, vinginevyo F. Ndivyo viwango vya NECTA vinavyochapishwa, na AI imevinakili kama vilivyo. Sasa itafute 64.5 humo. Haimo kwenye B, maana B inaanzia 65. Haimo kwenye C, maana C inaishia 64. Inateremka mpaka kwenye "vinginevyo" na kupewa F.

Mtoto mwenye sitini na nne na nusu amepewa F ya Biolojia, na jumla yenyewe haikuonyeshi, kwa sababu divisheni inachukua saba bora. Ile F imesukumwa nje, D ya Hisabati imeingia mahali pake. C sita ni pointi 18, D ni 4, jumla 22. Hiyo ndiyo 22 yako. Na kila mwanafunzi mwenye 74.5, 44.5 au 29.5 katika somo lolote yamemkuta hayo hayo, hata wale ambao divisheni zao zimetoka sawa kwa bahati. Fungua karatasi za gredi za kila somo uzikague kabla hujabandika chochote.

Sasa swali lako la wapi pa kuanzia. Ushauri wangu kwa kila anayeanza ni mmoja: anza na kazi ambayo majibu yake unayajua bila kompyuta. Watu wengi huanza na kitu wasichokijua kabisa, labda programu ya simu ya kuuza nguo au tovuti yenye malipo. AI inawapa kitu kinachong'aa, nao hawana macho ya kuona kilipooza. Wewe umechagua kazi uliyoifanya kwa kalamu miaka nenda rudi. Hakuna mhandisi wa programu huku Mwanza anayekuzidi kwenye kanuni za divisheni, na AI yenyewe haikuzidi. Hiyo ndiyo elimu inayohitajika hapa, Python itakuja njiani.

Kwa hiyo geuza utaratibu. Kabla ya kuomba programu, chukua karatasi uandike kesi zako na majibu yake. Pointi 17 ni divisheni ya kwanza, 18 ni ya pili. 21 ni ya pili, 22 ni ya tatu. 25 ni ya tatu, 26 ni ya nne. D mbili na F tano ni 33, divisheni ya nne. C moja na F sita nazo ni 33, ya nne. D moja na F sita ni 34, sifuri. Halafu weka nusu zote: 74.5, 64.5, 44.5, 29.5, na mbele ya kila moja andika gredi unayoitaka kwa utaratibu wa shule yako. Weka na alama isiyowezekana, 105 kwa mfano, useme inatakiwa kukataliwa.

Karatasi hiyo ndiyo unampa AI kwanza. Mwambie: andika majaribio yanayolingana na jedwali hili, usiandike programu bado. Uyasome. Ukiridhika, mwambie aandike kipande kimoja tu, kile kinachopokea alama na kurudisha gredi. Endesha majaribio. Yakipita yote, omba kipande cha pointi, kisha cha saba bora, kisha cha divisheni. Kusoma faili la Excel na kuchapa fomu za wanafunzi kuwe mwisho kabisa. Vipande vya mistari kumi kumi unaweza kuvisoma hata kama hujui Python, maana "if alama >= 65" inajieleza. Usichokielewa mwombe akieleze kwa Kiswahili mstari kwa mstari, na ukiona maelezo hayaeleweki, mwombe aandike upya kwa njia rahisi zaidi. Una haki hiyo.

Na ukikuta kosa, neno "umekosea" peke yake halimsaidii. Anajua tu kwamba hukuridhika, kwa hiyo anabadilisha kila kitu, ndiyo maana ulipata programu ndefu mara mbili. Mpe vitu vitatu: nilichoingiza, nilichotarajia, nilichopata. "Niliingiza 64.5, nilitarajia B, nimepata F. Rekebisha kipande cha gredi peke yake, usiguse kingine." Utaona anabadilisha mistari miwili mitatu.

Jambo jingine la siku ya kwanza: weka Git. Ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux, ni ya bure, na kwako kazi yake ni kuhifadhi kila hatua inayofanya kazi ili AI ikiharibu urudi ulipokuwa. Kila majaribio yote yakipita, hifadhi. VS Code ina vitufe vyake, huhitaji kukariri amri.

---

MzeeWaSeva:

Nawaheshimu wote hapo juu ila mimi nasema mwalimu ajifunze Python kwanza, miezi miwili mitatu, ndipo arudi. Tunazalisha watu wanaoendesha vitu wasivyovielewa. Julai 2025 taasisi ya METR ilitoa utafiti wa waandishi 16 wazoefu wa programu huria, kazi 246. Walipotumia AI walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, na hata baada ya kumaliza waliamini imewaharakisha kwa asilimia 20. Kama wazoefu wanadanganyika hivyo, mwalimu atajuaje?

Kuna na usalama. AI hutaja maktaba, yaani vifurushi vya msimbo vilivyoandikwa na wengine, ambazo hazipo. Watafiti walijaribu modeli 16 kwa vipande vya msimbo 576,000. Modeli za kulipia zilibuni majina ya maktaba kwa wastani wa asilimia 5.2 hivi, modeli huria asilimia 21.7. Mhalifu akisajili jina hilo la kubuni na kuweka uchafu wake humo, wewe ukaandika pip install, ile amri ya kusakinisha maktaba, kama ulivyoelekezwa, umemfungulia mlango mwenyewe.

---

Fundi_Mwanza:

Mzee wangu, la maktaba nakuunga mkono mikono miwili. Mwalimu, kwa kazi yako unahitaji pandas na openpyxl za kusoma Excel na pytest ya majaribio, hizo zinajulikana dunia nzima. AI ikikutajia jina jingine lolote, litafute kwanza kwenye tovuti ya PyPI, ghala la maktaba za Python, uone lina umri gani na nani analitunza, au uje uulize hapa kabla ya kusakinisha.

La METR nalikubali lakini naona linatufundisha kitu kingine. Wale walikuwa wanafanya kazi kwenye miradi mikubwa waliyoikaa kwa miaka, wanaijua kama mifuko yao. Mwalimu ana programu ya kurasa mbili ambayo bila AI asingeiandika kabisa. Ninachokichukua mimi kwenye utafiti ule ni kwamba hisia ya "imenisaidia" si kipimo, hata kwa wazoefu. Ndiyo maana nimemwambia aandike majibu kabla. Jedwali lake halina hisia.

Na kujifunza Python ataijifunza humo humo. Tofauti ni kwamba atakuwa anajifunza juu ya tatizo lake, kila jioni akiwa na sababu ya kufungua kompyuta. Nimewaona vijana wengi wakianza kozi za kuchapa "Hello, World" na kuziacha wiki ya pili.

---

Mwl_Kilosa:

Nashukuru sana wote. Dada Fundi, ulivyosema ndivyo ilivyokuwa, mstari kwa mstari. Nimekagua gredi za masomo na nimewakuta wengine wenye F ambazo si zao.

Nimeanza upya kwa utaratibu wako. Nimemwambia AI nusu ipandishwe kwenda namba nzima ya juu, yeye akaongeza round kabla ya kutoa gredi. Mwanafunzi wangu sasa amepata divisheni ya pili kama inavyotakiwa, ila pointi ni 21 na mimi nina 20. Nilitaka kuiacha maana divisheni iko sawa, lakini kwenye majaribio ya nusu nimeona kitu cha ajabu: 29.5 imepita, nyingine tatu zimegoma. Inawezekanaje kanuni moja ikubali nusu moja na kukataa nyingine?

---

Fundi_Mwanza:

Usiiache hata kidogo, Mwalimu! Hiki ulichokiona ni kitu kizuri sana na wewe wa Hisabati utakipenda.

Fungua Python uandike round(64.5) kisha Enter. Itakujibu 64. Sasa andika round(65.5). Itakujibu 66. Python 3 ikikutana na nusu kamili haiipandishi, inaipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu. 74.5 inakwenda 74, 64.5 inakwenda 64, 44.5 inakwenda 44, kwa sababu hizo ni shufwa. 29.5 inakwenda 30 kwa sababu 29 ni witiri. Mipaka mitatu ya NECTA imeangukia upande mbaya na mmoja umeangukia upande mzuri. Ungejaribu 29.5 peke yake ungelala usingizi mzuri, na watoto wenye 44.5 wangebaki na D.

Utaratibu huo wa Python una sababu yake. Ukiwa na maelfu ya namba na ukapandisha kila nusu, jumla inavimba kuliko ukweli, kwa hiyo nusu hugawanywa, nyingine juu nyingine chini. Kwa takwimu ni haki. Kwa utaratibu wa shule yako si haki, kwa sababu mtoto mmoja mmoja anasimama na alama yake. Excel kwa upande wake, ROUND ya 64.5 inakupa 65, ndiyo maana mwalimu aliyehama hakuwahi kukutana na hili.

Mwambie AI hivi: "Kwa alama chanya, tumia (alama + 0.5) // 1, yaani ongeza nusu kisha ondoa desimali, badala ya round, kisha endesha majaribio yote manne ya nusu." Mwanafunzi wako atapata B ya Biolojia na pointi zake 20.

Na uone AI haikudanganya hapo. Uliiambia kwa Kiswahili ipandishe nusu, ikachagua kile ambacho watu wengi huandika kwenye Python. Msimbo unasomeka vizuri, ungempa mtaalamu angeupitisha. Jedwali lako ndilo limeukamata.

Kuna jambo nimelikumbuka nikisoma swali lako tena, na naomba ulifanyie kazi leo. Kama ulibandika majina ya wanafunzi na alama zao kwenye AI, acha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na matokeo ya mtoto ni taarifa yake. AI haihitaji majina kuandika programu. Tengeneza wanafunzi wa kubuni kumi, M001 hadi M010, alama zao zitoke kwenye jedwali lako la kesi, hao ndio AI iwaone. Faili la kweli libaki kwenye kompyuta ya shule na programu iliendeshe hapo hapo. Na ingia kwenye mipangilio ya huduma unayotumia uzime ruhusa ya mazungumzo yako kutumika kufunzia modeli. Nyingi za bure huwa imewashwa.

---

Mwl_Kilosa:

Majaribio yote yamepita, 20 imekaa. Nimehifadhi kwa Git kama ulivyosema. Majina nimeyaondoa.

Moja la mwisho. Nina watoto ambao hawakufanya baadhi ya mitihani, mmoja alikuwa amelazwa. Kwenye Excel nimeacha seli tupu. Programu imempa F. Nimwambie AI nini?

---

Fundi_Mwanza:

Mwalimu, kabla ya kumwambia AI chochote, wewe na mkuu wa shule amueni mnataka nini. Je, asiyefanya somo anawekewa alama ya kutokuwepo na somo halihesabiwi? Na akibaki na masomo pungufu ya saba, mnampa divisheni au fomu yake inatoka bila divisheni? AI ikiachiwa itachagua yenyewe na haitakuuliza. Hapo imechagua tayari: pandas husoma seli tupu kama NaN, yaani "si namba", na NaN ukiilinganisha na namba yoyote kwa "kubwa kuliko au sawa na", jibu ni hapana. Si zaidi ya 75, si zaidi ya 65, inateremka mpaka kwenye "vinginevyo". Ni ule mlango wa chini aliopitia 64.5.

Mkishaamua, ongeza kesi tatu kwenye jedwali: seli tupu moja kwa mtoto mwenye masomo nane, seli tupu mbili kwa mtoto mwenye masomo nane, na seli iliyoandikwa sifuri. Ya sifuri ni muhimu zitofautiane, maana aliyekaa chumba cha mtihani akapata sifuri si sawa na aliyekuwa wodini. Mwambie AI pia kwamba hakuna gredi inayotolewa na "vinginevyo": F iwe na sharti lake, kuanzia 0 mpaka chini ya 30, na chochote kisichoingia kwenye sharti lolote programu isimame na kutaja namba ya mwanafunzi na somo.

Ukimaliza weka jedwali lote la kesi hapa, bila majina. Nitalipitia Jumamosi, na Mzee wa Seva akiwa na nafasi naye alipitie, ana jicho kali kuliko langu.